Tuulize magonjwa ya nyumbani kabla ya kutafuta laana ya ukoo



Tulipokuwa tunaingia seminari kuu, kila mmoja wetu alijaza fomu ya afya. Swali mojawapo lilikuwa: je, kuna magonjwa katika familia yenu? Wengi tuliandika “hakuna”. Hatukukusudia kudanganya. Wengine hatukujua, na wengine tuliogopa kwamba jibu tofauti lingetufungia mlango wa wito.

Mwaka huu swali hilo limeturudia. Frateri mwenzetu, aliyeturuhusu kueleza habari zake, alikuwa akishikwa na maumivu ya tumbo, juu upande wa kulia, kila baada ya chakula cha mafuta siku za sikukuu. Yalipanda hadi mgongoni na bega la kulia, yakamkalia saa mbili tatu, kisha yakapoa. Kwa miezi kadhaa alimeza dawa za vidonda vya tumbo. Alipofikishwa hospitali, daktari alimuuliza kama kwao kuna aliyewahi kuugua hivyo. Akajibu kama alivyojaza kwenye fomu: hakuna. Kesho yake asubuhi, kabla hajala kitu, akapimwa altrasaundi. Mfuko wa nyongo ulikuwa na mawe.

Alipompigia mama yake simu, mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba bibi alipasuliwa kwa mawe hayohayo, na yeye mwenyewe aliambiwa anayo. “Hatukutaka kukusumbua, baba, uko masomoni.”

Altrasaundi ni kipimo kisicho na mionzi wala maumivu. Mashine hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, kisha husoma mwangwi unaorudi. Jiwe huonekana kama doa jeupe lenye kivuli cheusi nyuma yake, na mara nyingi mgonjwa akigeuka ubavu, nalo husogea. Mgonjwa hufunga kula kwa saa kadhaa ili mfuko ujae nyongo na uonekane vizuri. Kwa mawe yaliyo ndani ya mfuko, kipimo hiki hukosea mara chache sana. Lakini hakuna mashine inayojiagiza yenyewe. Daktari ndiye huagiza, naye huongozwa na yale tunayomweleza. Mwenzetu angejua habari za bibi yake, huenda asingemeza dawa zisizo zake kwa miezi yote ile.

Habari zilipoenea kwao, shangazi mmoja alipendekeza yafanyike maombi ya kuvunja laana ya ukoo. Tunamheshimu shangazi, na kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu. Ila hapo tunaona hatari. Ugonjwa uliofichwa kwa miaka, ukitokea kwa mjukuu, huonekana kama laana, kwa sababu hakuna aliyeusema. Wanafunzi wa Yesu nao walimuuliza nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili.

Aristotle ametufundisha kwamba kukijua kitu ni kujua sababu zake. Sababu za mawe haya zimechunguzwa. Mwaka 2005 watafiti nchini Sweden walichapisha utafiti wa jozi 43,141 za mapacha. Waliona kwamba urithi wa damu huchangia kama robo tu ya tofauti kati ya watu katika kuugua mawe ya nyongo. Sehemu kubwa iliyobaki hutokana na maisha ya kila mmoja. Uzito wa mwili, umri na ujauzito vina nafasi yake. Wenye selimundu nao huweza kuyapata wakiwa bado wadogo, kwa kuwa chembe zao nyekundu za damu huvunjika haraka. Kwa hiyo damu ya ukoo si hukumu, lakini si bure pia.

Wapo watakaosema kwamba kuyajua haya ni kujitafutia hofu. Tunawajibu kwamba wengi wenye mawe hawaumwi kamwe, na asiyeumwa hana haja ya kukimbilia kipimo kwa sababu tu bibi yake aliugua. Habari za ukoo zinatusaidia kujua ni maumivu gani tusiyapuuze. Homa au macho ya manjano yakiambatana na maumivu hayo, ni hospitali siku hiyohiyo.

Yoshua bin Sira anatufundisha kwamba hata daktari ameumbwa na Mungu. Basi tusimfiche daktari kile ambacho Mungu anakijua tayari. Likizo hii, tukishaamkia wazee na kula nao, tuwaulize kwa adabu: bibi aliugua nini, babu alifariki kwa ugonjwa gani, nani alipasuliwa? Tuandike. Nasi tunaotumaini kuwa mapadre, kesho watu watatuletea maumivu yao wakiyaita laana. Kabla ya kuwaombea, tuwaulize kama wameshamwona daktari, na kama wamemweleza yote.