Chapati Tamu za Ndizi

Akina mama wapendwa, na ninyi wasichana mnaojifunza upishi shuleni, juma lililopita tulisema habari za maharage, nasi twajua kwamba watoto wenu hawakutushukuru. Leo tuwape haki yao. Twataka kusema juu ya chapati ndogo za ndizi na unga wa muhogo, zile tamu, nyeusi kidogo pembeni, ambazo wengi wetu tulizinunua kwa fedha kidogo njiani tulipotoka shule. Jirani zetu wa Uganda huziita kabalagala. Jina hilo lajulikana kwao kote, hata mtaa mmoja wa Kampala una jina hilo hilo. Nao Wakonjo, ndugu zetu wa ng'ambo ya mlima Ruwenzori, walio damu moja na sisi Wanande, wanazijua kama tuzijuavyo sisi, maana mpaka wa Kasindi ulitenga serikali, haukutenga vikaango.

Labda baba mwenye nyumba atauliza: Kwa nini kupoteza ukurasa mzima kwa kitu cha kuchezea watoto? Twamjibu hivi. Tangu mwezi wa Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika nchi ya Beni, jamaa nyingi zimeacha mashamba na migomba yao, wakaja kukaa mjini kwa ndugu, watu kumi katika chumba kimoja. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile sasa ni mwanafunzi mkubwa. Hakumbuki shamba. Mama yake akimsimulia habari za nyumbani huanza na chakula: ndizi zilizoiva juu ya dari, moshi wa jiko, kikapu cha muhogo mlangoni. Lakini mtoto anajua biskuti ya dukani yenye karatasi ya kung'aa, hajui alichokula mama yake alipokuwa na umri kama wake. Hasara hiyo haiandikwi katika orodha yo yote ya wakimbizi, walakini twaona ni hasara kweli, na tena ni moja katika zile chache ambazo mama aweza kuziponya mwenyewe, jioni moja, kwa kikaango kimoja.

Tena kuna habari ya bei. Ngano hulimwa kidogo katika nchi ya juu ya Lubero, lakini unga mwingi wa madukani watoka mbali. Vita vilipowaka Ukraine mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani pote, nasi tuliisikia katika mkate wa asubuhi. Muhogo na ndizi havingoji meli.

Basi, chukueni ndizi sukari, zile fupi zenye ganda jembamba, kumi hivi. Ziwe zimeiva kabisa, mpaka ganda limeingia madoa meusi. Hapo ndipo siri yote ilipo. Ndizi mbichi ina wanga. Ikiiva, wanga ule hugeuka sukari, na nyama yake hulainika na kutoa maji. Kwa hiyo ndizi iliyoiva barabara haihitaji sukari ya duka, wala haihitaji maji. Mama anayetumia ndizi zenye ganda la manjano safi atalazimika kuongeza vyote viwili, naye atalaumu mafuta bure. Tukumbuke pia kwamba Butembo ni mahali pa baridi, yapata mita 1,700 juu ya bahari, na ndizi huchelewa kuiva kuliko kule Beni chini. Zifungeni katika majani makavu, muziweke karibu na meko siku mbili tatu.

Menyeni ndizi, mziponde kwa mkono katika bakuli mpaka pasiwe na donge. Tieni chumvi kidogo. Kisha nyunyizeni unga wa muhogo kidogo kidogo huku mkikanda: vikombe viwili, pengine na nusu, kadiri ndizi zilivyo. Msitie maji hata tone. Unga ulowe kwa maji ya ndizi peke yake, maana donge lenye maji mengi hunyonya mafuta, na chapati hutoka nzito kama sabuni. Donge likiacha kushika vidole, inatosha. Lisukumeni juu ya kibao kilichonyunyiziwa unga, unene wake kama kidole cha mtoto mdogo, mkate kwa mdomo wa bilauri. Kaangeni katika mafuta yenye moto wa kadiri, dakika mbili au tatu kila upande, mpaka rangi iwe kama ya mbao ya mvule. Moto mkali huunguza sukari ya ndizi upesi, nje pakawa peusi na ndani pabichi. Mawese yafaa sana, lakini msiyachome mpaka yapauke, maana rangi ile nyekundu ndiyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho.

Kazi ya kuponda, kukanda na kukata iwe ya watoto. Mafuta ya moto yawe ya mama. Tumesikia baba mmoja akisema kwamba jikoni si mahali pa mvulana. Sawa, basi na mvulana huyo asile.

Sasa tufikie mchezo. Mwajua chukudu, lile gari la mti lenye magurudumu mawili, ambalo vijana wa Kivu huteremka nalo milimani wakibeba makaa na viazi. Mtoto akate duara mbili kwa bilauri, na ukanda mmoja mrefu kwa kisu butu, na kipande kidogo cha usukani. Vikikaangwa, avipange katika sahani: duara ni magurudumu, ukanda ni ubao wa kusimamia. Juu ya ubao aweke mzigo: karanga zilizokaangwa, au vipande vya papai. Hapo amepata chukudu ya kuliwa. Mwenye kupenda samaki wa ziwa Edward afanye samaki, na punje ya karanga iwe jicho. Wengine watafanya nyumba waliyoiacha. Wasikatazwe, wala wasiulizwe mengi. Mama akae karibu tu, na mtoto akitaka kusema, asikilizwe.

Kwa siku kubwa yupo ndugu yake chapati hii, yaani ile chapati nyembamba ya maji ambayo kwa Kifaransa huitwa krepi. Huko Ulaya watu wameila tangu zamani siku ya 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, na Jumanne inayotangulia Majivu. Sababu yake ilikuwa ya jikoni kabisa: zamani Wakristo walikatazwa mayai, maziwa na mafuta ya wanyama wakati wa Kwaresima, na mama mwenye busara aliyamaliza kwa siku moja kuliko kuyaacha yaoze. Kwa kawaida hutiwa gramu 250 za unga wa ngano, mayai matatu na nusu lita ya maziwa. Sisi twashauri nusu ya unga iwe muhogo. Zaidi ya nusu, chapati itapasuka mnapoigeuza, kwa sababu muhogo hauna ule mnato ambao ngano inao, na mayai peke yake hayawezi kushika kazi yote. Acheni uji huo utulie nusu saa, kisha mimineni upawa mmoja mmoja katika kikaango kilichopakwa mafuta kidogo. Ndani kunjieni ndizi iliyopondwa na karanga za kusaga, na juu kamulieni marakuja, tunda ambalo kwetu Vulamba halihitaji kusifiwa. Ukali wake hukata utamu wa ndizi.

Lakini sasa sikilizeni neno lisilo la mchezo. Unga wa muhogo si wote ulio salama. Muhogo mchungu una sumu yake ya asili, nayo huondoka kwa kumenya, kuloweka majini siku tatu au zaidi mpaka mizizi ilainike, kisha kuanika juani mpaka ikauke kabisa. Wakati wa njaa au wa kukimbia watu hukatiza siku hizo, wakaloweka usiku mmoja tu. Huko Kwango, magharibi ya nchi yetu, daktari Trolli aliandika mwaka 1938 habari za ugonjwa uitwao konzo, unaopooza miguu ghafula, hasa ya watoto na ya wanawake. Na sasa yajulikana kwamba watokana na muhogo mchungu usiolowekwa vema kwa watu wanaokosa chakula cha kujenga mwili. Kukaanga hakutoshi kuondoa sumu hiyo. Ukinunua unga sokoni, nunua kwa mama unayejua kazi yake, na unga unaonuka uvundo wa ukungu uache pale pale.

Na chapati hii, hata iwe tamu namna gani, ni wanga na sukari. Kwa mtoto aliyeanza kuvimba miguu na kubadilika rangi ya nywele si dawa. Mtoto huyo apelekwe zahanati siku ile ile. Kwa walio wazima, badilisheni kikombe nusu cha muhogo kwa unga wa soya uliokaangwa, au tieni yai moja katika donge. Ladha haibadiliki sana. Watoto hawatajua, msipowaambia.

Jambo moja la shamba kwa walio na shamba. Ule mnyauko wa migomba, ulioonekana Kongo mwaka 2001, umeua mashamba mengi, na ndizi sukari hazikusalimika. Mgomba ukitoa utomvu wa manjano ulipokatwa, na ndizi zikiiva kabla ya wakati huku ndani zina rangi ya kutu, ung'oeni pamoja na shina lake. Msikate mwingine kwa panga lile lile kabla ya kulipitisha motoni. Ua dume likatwe mapema, kwa kijiti chenye pande, si kwa panga, maana wadudu wanaolitembelea ndio wanaopeleka ugonjwa toka mgomba hata mgomba.

Chapati zilizobaki zifungwe katika jani la mgomba lililopitishwa motoni, zitakaa mpaka kesho yake. Zikiwa ngumu, zipashwe katika kikaango kikavu bila mafuta, zifunikwe kidogo, zitalainika tena. Juma lijalo tutarudi kwenye mboga za majani.