Video ya Aibu na Wajibu wa Kumsitiri Jirani

Mwanakwaya anateleza ngazini wakati wa maandamano ya kuingia kanisani. Bibi harusi anakanyaga pindo la gauni lake na kuanguka mbele ya wageni. Mama muuza mboga anadondoka kutoka kwenye pikipiki, na nyanya zake zinatawanyika barabarani. Matukio ya namna hii ni ya kale kama binadamu mwenyewe. Zamani walioyaona walicheka kidogo, wakamwinua aliyeanguka, na baada ya siku chache yakasahaulika. Siku hizi hakosekani mtu mwenye simu mkononi, na kabla aliyeanguka hajajipangusa vumbi, anguko lake limekwisha kuwafikia watu wasiomjua, katika miji ambayo hajawahi kuikanyaga. Tunaona inafaa kulipima jambo hili kwa mwanga wa mafundisho ya Kanisa, kwa sababu wengi wanaosambaza video hizo ni waamini wema wasiodhani kwamba wanatenda kosa lolote.

Mfano mmoja wa awali unatoka Kanada. Mwaka 2002, kijana wa miaka 14 katika jimbo la Quebec alijirekodi shuleni akiwa peke yake, akichezesha fimbo kwa kumwigiza mhusika wa filamu. Kanda aliiacha hapo shuleni. Wenzake waliipata, na mwaka 2003 wakaiweka kwenye intaneti. Facebook na YouTube zilikuwa bado hazijaanzishwa, lakini video hiyo ilitazamwa na mamilioni ya watu. Kijana alidhihakiwa hata akaacha shule yake. Baadaye alieleza hadharani kwamba wapo waliomwambia ajiue. Familia yake ilifungua kesi dhidi ya familia za wanafunzi waliohusika, nayo ikamalizika kwa maafikiano mwaka 2006. Ilimchukua takriban miaka 10 kuanza kulizungumzia jambo hilo mbele ya umma.

Kijana huyo hakuwa amemkosea mtu. Tena video yenyewe haikuwa ya uongo. Kila kilichoonekana kilitokea kweli. Hapa ndipo dhamiri nyingi zinapojidanganya. Tumezoea kufikiri kwamba dhambi ya ulimi ni kusema uongo, hivyo mtu akipokea video ya kweli hujiona yuko huru kuituma kwa wengine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inakwenda mbali zaidi. Pamoja na masingizio, yaani kumharibia mtu jina kwa uongo, inalitaja pia kosa la kufichua kasoro za mtu, bila sababu halali, kwa watu wasiozijua. Ukweli wa jambo peke yake hautoshi; lazima pawepo sababu ya haki ya kulitangaza. Na ikiwa kasoro ya kweli ya jirani haifai kutangazwa ovyo, sembuse ajali ambayo hana hatia nayo?

Maandiko Matakatifu yanatupatia picha ya jambo hili katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9. Nuhu alilewa divai, akalala uchi hemani mwake. Hamu aliuona uchi wa baba yake, akatoka nje akawaambia ndugu zake wawili. Shemu na Yafethi wakatwaa nguo, wakaiweka mabegani, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika mzee wao pasipo kumtazama. Simulizi hili liliwahi kupotoshwa ili kuhalalisha utumwa wa Waafrika, jambo lisilo na msingi wowote katika andiko lenyewe. Fundisho lake liko kwingine. Wana wote watatu waliujua ukweli ule ule, na Hamu hakusema uongo. Tofauti yao ni kile walichokifanya baada ya kuujua: mmoja aliitoa aibu nje ya hema, wawili wakaingia na nguo. Kiswahili chetu kina neno zuri kwa tendo la hao wawili: kusitiri.

Pengine mtu atauliza: je, kila anayerekodi anakosea? La hasha. Mwezi Mei 2020, katika mji wa Minneapolis nchini Marekani, msichana wa miaka 17 alirekodi kwa simu yake jinsi George Floyd alivyouawa mikononi mwa askari polisi. Video hiyo ilitumika kama ushahidi mahakamani, na mwaka 2021 askari huyo alitiwa hatiani. Hapo palikuwa na sababu halali, nayo ilikuwa nzito: kumtetea aliyekandamizwa. Kumsitiri jirani si kuficha uovu wa mwenye nguvu. Kipimo ni kuangalia kama video inamwinua aliye chini au inamkanyaga.

Serikali nazo zimeona hatari hii. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumsumbua au kumtia uchungu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mtandao wa WhatsApp nao, mwaka 2019, uliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja. Hata hivyo, kikomo hicho hakizuii mengi. Kila anayepokea akiwatumia watu wengine watano tu, duru ya tano peke yake inawafikia watu 3,125, na hakuna hata mmoja kati ya waliotuma anayejiona amefanya jambo kubwa.

Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika Waraka wake “Fratelli tutti” wa mwaka 2020, namba 42, alionesha kinzani ya nyakati zetu: watu wanazidi kutengana, huku maisha ya faragha yakigeuzwa kuwa tamasha la kuchunguliwa. Tunamtazama jirani bila kumkaribia.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hilo halituondolei wajibu. Katekisimu, namba 2487, inafundisha kwamba kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi, hata pale aliyelitenda anapokuwa amekwisha kusamehewa. Aliyesambaza na aifute video, awaombe aliowatumia waifute pia, na kama anamfahamu mhusika, amwendee kumwomba msamaha. Katika Sakramenti ya Kitubio, alitaje kosa hili kwa jina lake. Viongozi wa makundi ya mtandaoni ya jumuiya ndogo ndogo, kwaya, WAWATA na VIWAWA waziondoe video hizo bila kuona haya, na wazazi wawaeleze watoto kwa nini wamefanya hivyo.

Wengi wetu hatutakuwa wa kwanza kurekodi. Tutakuwa kama Shemu na Yafethi, waliopata habari kutoka kwa mtu mwingine wakiwa nje ya hema. Wao hawakuipeleka mbele. Waliipokea, wakatafuta nguo. Nasi tujaliwe neema ya kutenda vivyo hivyo.