Deni lilitangulia manowari

Watoto wetu hufundishwa kwamba wakoloni waliingia kwa bunduki. Ni kweli, lakini huko Misri wino ulitangulia baruti.

Khedive Ismail, aliyetawala tangu 1863 hadi 1879, alikopa kwa mabenki ya Ulaya ili ajenge reli, mifereji na majumba ya fahari. Mwaka 1875, madeni yalipomsonga, aliiuzia serikali ya Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa takriban pauni milioni 4. Mwaka uliofuata hazina ilishindwa kulipa. Ikaundwa tume ya kulinda maslahi ya wadai, na wasimamizi wawili, Mwingereza na Mfaransa, wakashika mapato na matumizi ya nchi. Wananchi walipoinuka pamoja na Ahmad Urabi, afisa mwenye asili ya wakulima, manowari za Uingereza ziliupiga mji wa Iskandaria Julai 1882. Majeshi ya Uingereza yalikaa Misri hadi 1956.

Nani aliyelipa? Rosa Luxemburg, mfuasi wa Karl Marx, aliieleza Misri hiyo katika kitabu chake cha 1913. Fedha za mikopo zilirudi Ulaya kununua bidhaa za viwanda vya Ulaya, na mkulima wa Misri akabebeshwa kodi na kazi za shuruti. Naye Lenin, mwaka 1917, alieleza kuwa katika ubeberu mabenki na viwanda huungana, mitaji yao hutafuta faida ng'ambo, na dola huwa mlinzi wao.

Wapo wasemao kuwa Uingereza ilijali zaidi njia ya kwenda India. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifuti ukweli kwamba deni ndilo lililofungua mlango. Nasi hatukubaliani na Marx katika kuikana dini. Hata hivyo, haki ni haki hata akiinena asiyeamini. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Misri ilipewa mizinga.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Ismail alitia saini bila kuwauliza watakaolipa. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Basi serikalini na majumbani mwetu, kabla kalamu haijagusa karatasi, tuulize: ni jasho la nani litakalolipa?