Ufito mzito bila mizani ni hasara

Ndugu zangu mnaoleta fito nzito za kuvulia kupitia Busia na Malaba, nina neno. Hapa Nakaloke mnawauzia vijana ufito na mshipi, lakini hamwaambii breki ya gurudumu la mshipi ikazwe kiasi gani. Kijana anaikaza mpaka mwisho, anakwenda Jinja kumtafuta sangara (wenyewe humwita mputa), na samaki akivuta, mshipi unakatika fundoni.

Mimi niliyesomea uhamishoni Kisumu, kando ya ziwa lile lile, nilijiona mjuzi. Nilivunja ncha ya ufito uliokula mshahara wangu wa mwezi.

Someni maandishi ya ufito kwanza. Ukiandikwa ratili 50, ufungiwe mshipi wa ratili 50, kama kilo 22 na ushee. Ukiweka wa 80, kitakachovunjika ni ufito. Breki nayo iachie kwenye robo ya nguvu hiyo, kilo 5 na nusu hivi. Wako wanaosema theluthi. Mimi sikubali, maana mshipi unavyozidi kutoka ndivyo breki inavyozidi kuwa nzito, na bunda la mshipi likibaki nusu ya upana wake, uzito huwa maradufu.

Mizani ya kuning'iniza mnayo tayari, ile ya kupimia maharage. Fungeni mshipi kwenye ndoana yake, mnunuzi avute taratibu, mlegeze breki hadi iachie. Ni dakika mbili tu, na mteja amelipa fedha nyingi.