Mwanamke wa Jiwe la Kusagia

Zoezi la kumtaka mwanafunzi aisimulie upya hadithi ya Wagiriki kwa kinywa cha mwanamke limependwa sana, hasa tangu Margaret Atwood alipompa Penelope kitabu chake mwenyewe mwaka 2005. Zoezi lenyewe silipingi. Ninalolipinga ni namna linavyoendeshwa: mwalimu hulitaja jina la Penelope, hueleza kisa kwa dakika tano, kisha darasa zima huandika barua ya mke aliyechoka kungoja. Barua hizo zote hufanana, na angeweza kuziandika mtu asiyesoma hata ukurasa mmoja wa Homer.

Isitoshe, Penelope hakusahauliwa. Ana jina, ana chumba, ana maneno mengi. Mwalimu na afungue kitabu cha 20 cha Odyssey. Usiku kucha wanawake 12 wamesaga shayiri na ngano kwa karamu ya waposaji. Kumi na mmoja wamemaliza, wamelala. Mmoja, aliye dhaifu kuliko wote, bado anasaga. Analisimamisha jiwe, anamwomba Zeus karamu ya siku hiyo iwe ya mwisho kwa hao waliomvunja magoti kwa kazi. Odysseus anasikia na kufurahi, maana kwake hiyo ni fali njema. Mwanamke yule hatajwi tena. Basi, waposaji walipokwisha kuuawa, ni nani aliyesaga unga wa kesho yake?

Kitabu cha 22 ni kizito zaidi. Odysseus anawashutumu waposaji kwamba waliwalala wajakazi wake kwa nguvu. Baadaye, katika kitabu hicho hicho, wajakazi 12 kati ya 50 wanabebeshwa maiti, wanasafishishwa meza, kisha Telemachus anawanyonga kwa kosa la kulala na waposaji hao hao. Mwanafunzi akiyasoma maneno hayo mawili kwa pamoja, hahitaji kubuniwa mjakazi shujaa.

Kwa sababu hiyo siafiki mwalimu anayeruhusu kamba ikatwe na wajakazi watoroke. Huko ni kumwondolea mwanafunzi mzigo ambao zoezi lilikusudia aubebe. Matukio yabaki yalivyo. Kinachobadilika ni mahali anaposimama msimulizi.

Kipindi cha kwanza kiwe cha kusoma tu, kwa sauti, mara mbili. Kalamu zibaki mezani.