Treni ya Mazeras na picha niliyoikosa

Mpenzi msomaji, shule zikifungwa nyumba hujaa wageni, na wageni wa siku hizi huja na kamera mfukoni. Likizo iliyopita mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa nasi hapa Msambweni. Jioni moja alinionyesha katika simu yake picha ya gari-moshi dogo likizunguka mlima kule Darjeeling, India, kisha akashusha pumzi.

"Mjomba, sisi watu wa Pwani hatuna reli ya milima. Tuna minazi na mchanga tu."

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kijana yule hakujua kwamba reli ya milima tunayo, wala hakujua jinsi ilivyonitia aibu.

Reli ya Darjeeling ilifunguliwa mwaka wa 1881, na stesheni yake ya juu kabisa, Ghum, iko yapata mita 2,258 juu ya bahari. Yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ikafika Kisumu Desemba 1901. Baadaye, katika miaka ya 1920, njia ya kwenda Uganda ilipitishwa Eldoret, na pale Timboroa reli ikavuka mita 2,700. Kwa hivyo treni iliyoondoka pwani ikinuka chumvi ilipanda juu kuliko ile ya Darjeeling. Tena mpando wenyewe unaanza mlangoni petu, Mazeras, mpakani mwa Kwale na Kilifi. Hapo mlima ulikuwa mkali hata ikabidi njia ya zamani ijizungushe na kujivuka yenyewe kwa juu, kama nyoka anayejikunja. Halafu inaingia nyika ya Kwale hii hii: Samburu, Taru na Mackinnon Road.

Ndiyo sababu mapema mwaka wa 2017, iliposikika kwamba treni ya abiria ya zamani inakaribia kustaafu kuipisha reli mpya, nilichukua kamera yangu nikaenda Mazeras. Marehemu baba alikuwa hai. Aliposikia safari alivaa kanzu yake nyeupe na kofia ya kiua, akasema naye yumo. Mwaka wa 1961, akiwa kijana, alipanda treni hiyo daraja la tatu kwenda Nairobi kutafuta kazi. Alizoea kutusimulia kwamba pale kwenye mizunguko ya Mazeras ndipo alipotoa kichwa dirishani akauona mkono wa bahari kwa mara ya mwisho, akalia, akamwambia jirani yake ni vumbi.

Tulitoka alfajiri, tukavuka feri ya Likoni, na kufikia saa mbili tulikuwa tumeketi chini ya mwembe, hatua nyingi kutoka relini, na chupa ya chai na mahamri kwenye kikapu. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu zote. Treni ya kutoka Nairobi huja ikielekea mashariki, kwa hivyo asubuhi jua huipiga usoni. Nilijiweka penye kona ili mabehewa yote yaonekane yakijipinda nyuma ya injini. Nilichagua mahali pamoja relini, nikaielekeza lenzi pale kabla, na kasi ya kamera nikaiweka sehemu moja ya mia tano ya sekunde ili chuma kisitoke na ukungu.

Tulingoja. Saa tatu, saa nne. Baba alisimulia, mimi nikawa naitikia huku jicho liko kwenye kamera. Hatimaye, karibu saa tano, tukasikia honi mlimani, kisha breki zikilia. Baba akainuka. Alitembea polepole mpaka kwenye nyasi mbele yangu, mbali na reli bado, akasimama wima na fimbo yake, akageuza uso nusu kwangu nusu kwa treni.

Mimi nikapaza sauti, "Baba, tafadhali sogea kando, unaziba!"

Akasogea. Hakusema neno. Treni ikapita, abiria wakapunga mikono madirishani, nami nikapiga picha saba mfululizo. Moja ilitoka safi mno. Nimeitundika sebuleni, na kila mgeni huisifu: kona imekaa vizuri, mabehewa yote yanahesabika, mlima uko nyuma. Treni ile ilikoma mwaka huo huo. Baba alitutoka mwaka uliofuata. Picha ya treni ninayo. Ya baba na treni yake sina. Naam, yule niliyemwona anaziba picha ndiye aliyekuwa picha yenyewe.

Tangu hapo nimezitazama upya picha za kale za reli hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 mpiga picha William Young aliipiga reli hii picha nyingi, enzi ambazo kamera ilikuwa mzigo wa kubebwa. Wakati huo, pale Bonde la Ufa, mabehewa yaliteremshwa ukingoni kwa kamba za chuma, kwa kuwa njia ya kudumu ilikuwa haijakamilika. Katika picha za ujenzi wa miaka hiyo huoni chuma peke yake. Unaona vibarua na mataruma mabegani. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 walifia kazini. Majina ya wengi tumeyasahau. Nyuso za baadhi yao tunazo, kwa sababu mwenye kamera hakuwaambia wasogee.

Basi nilimpeleka mpwa wangu Mazeras. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inatuvusha sisi wa kusini bila kungoja feri. Nilimpa masharti, nawe mzazi wape wanao hayo hayo. Kwanza, hakuna anayekanyaga reli, hata ikionekana imelala miaka. Chuma hakitoi taarifa. Pili, reli mpya ina ua, na ua hauchupwi kwa ajili ya picha. Simama juu penye mwinuko, ulione bonde lote. Tatu, ukiwa stesheni au karibu na daraja, omba ruhusa kwa wahusika kabla ya kutoa kamera. Nne, nenda asubuhi au jioni, kwa maana jua la utosini huua mlima ukaonekana bapa. Tano, fika mapema, na wakati wa kungoja uwe wa mazungumzo.

Alipiga picha zake, akaridhika. Tulipokuwa tukikunja jamvi nikasikia mlio mdogo nyuma yangu. Nikageuka nikamkuta ameinua simu.

"Umepiga nini tena?" nikamuuliza.

"Nimekupiga wewe, mjomba, na njia ya babu."

Nilitaka kumwambia shati limejaa vumbi, arudie. Nikaacha.

Jumapili hii, ndugu msomaji, ikiwa mna mzee nyumbani aliyewahi kupanda treni ile, mwulize alishuka wapi na alibeba nini. Kisha mpige picha akijibu, kabla ya kutafuta mlima.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.