Gari Lililo Gereji ni Amana

Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilomita 66, na lami yake imewaondolea wananchi wa ufukwe wa Nyasa adha ya miaka mingi. Malori hushuka na saruji, mabati na unga, yakapanda na usipa mkavu. Huko milimani, katika msimu wa kahawa, vijiji vya Umatengo haviishi mngurumo wa injini, na kutoka Ngaka yanatoka makaa ya mawe. Magari yameongezeka na gereji zimeongezeka pamoja nayo. Kilichobaki nyuma ni elimu ya bima.

Wenye malori wengi, ukiwauliza kama wana bima, watakuonyesha stika kiooni. Jibu hilo halitoshi. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye gari kuwa na kinga dhidi ya kifo au majeraha yatakayompata mtu mwingine barabarani. Hiyo ndiyo wananchi waiitayo bima ndogo. Lori likipinduka kwenye kona za milimani, bima hiyo haimrudishii mwenyewe lori lake. Aliyekata bima kubwa naye asijione amemaliza, kwani akiandikisha gari kuwa la matumizi binafsi kisha akalibebesha magunia ya kahawa kwa malipo, kampuni ina haki ya kukataa dai lake. Abiria wanaopandishwa juu ya shehena ni suala hilo hilo. Utingo aliyeajiriwa anayo njia nyingine ya fidia, kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri anatakiwa kumwandikisha na kumchangia. Na ni matingo wangapi walioandikishwa?

Tuje kwenye gereji, ambako giza ni kubwa zaidi. Mwenye lori hulikabidhi kwa fundi jioni, akaenda zake kulala. Usiku cheche ya kuchomelea iliyosahauliwa inashika matambara yenye mafuta, au mwizi anaondoka na betri na matairi, au asubuhi fundi analitoa kulijaribu breki na kumgonga mpita njia. Nani atalipa? Hati nyingi za bima ya gari husema wazi kwamba hazihusu gari linapotumika katika shughuli za biashara ya magari. Kwa upande wa fundi, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyepokea mali ya mwenzake aitunze kama vile mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe. Wazee wetu waliliita jambo hilo amana, kabla hatujaona sheria yoyote iliyopigwa chapa. Fundi aliyezembea atadaiwa lori zima, naye mtaji wake wote ni sanduku la spana na jeki mbili.

Kwa hiyo mwenye gereji anahitaji bima yake mwenyewe: ya magari ya wateja yaliyo mikononi mwake, ya kuyaendesha barabarani kwa majaribio, na ya jengo na vifaa vyake dhidi ya moto na wizi. Asiyeweza peke yake ajiunge na mafundi wenzake katika ushirika, wakaiombe kampuni hati moja ya pamoja.

Ndugu zetu wa visiwani nao wasidhani kwamba haya hayawahusu kwa kuwa kwao hakuna lori. Bidhaa za duka la kisiwani husafiri kwa gari hadi ufukweni, kisha kwa boti. Bima ya lori, hata ile kubwa, kwa kawaida hulinda lori, si shehena. Na boti haimo kabisa. Mwenye duka aulize habari za bima ya mizigo safarini kabla unga haujalowa.

Zamani tulikuwa na mlango mmoja wa kubisha. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likawa peke yake hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko. Zanzibar ina shirika lake tangu 1969. Leo kampuni ni nyingi na mawakala ni wengi zaidi, wakiwemo wanaouza stika kwa haraka kuliko wanavyoeleza masharti. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imeweka njia ya kuhakiki stika kwa simu, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa anayenyimwa haki yake. Lakini mvuvi wa Lituhi au fundi wa Liuli ameambiwa na nani?

Maofisa biashara wa halmashauri za Mbinga na Nyasa hukutana na kila mwenye gereji anapokuja kuchukua leseni. Siku hiyo hiyo na aulizwe magari ya wateja yamekingwa na nini, na asomewe kwa Kiswahili yale masharti yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha herufi ndogo. Kazi hiyo ianze kabla ya msimu ujao wa kahawa.